Mgeni Katika Chupa ya Kitinda

Kila Ijumaa saa nne asubuhi, mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani alipanda ngazi za jengo la utafiti, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika kibegi, kwenda kumsalimia mwanawe wa mwisho. Mwana huyo alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Usiniulize kama mama huyo alikuwa na akili timamu. Alikuwa nazo, tena nyingi kuliko zangu na zako tukizichanga. Aliyekuwa na mashaka na akili zake mwenyewe ni binti yake mkubwa, yule aliyekuwa akimfungulia mlango.

Binti huyo alikuwa mtaalamu wa maabara, na kazi yake ilikuwa kulisha seli. Wenzake walimwita Mama Chupa kwa sababu ya chupa zake bapa za plastiki, ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa bila ruhusa yake. Jina lilipofika mtaani kwao, majirani wawili watatu walimjia wakamwuliza kwa sauti ya chini kama anauza na ya kupimiwa. Alicheka, akawaambia chupa zake hazina kilevi, zina watu. Waliondoka haraka kuliko walivyokuja.

Na kweli zilikuwa na watu, au tuseme vipande vya watu. Mwili wako huo unaoukalia umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu, kila moja imezungukwa na utando mwembamba na ina kiini chake ndani. Kila moja inakula, inatoa taka, na siku yake ikifika inagawanyika zikawa mbili. Ukizitoa mwilini zingali hai, ukaziweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili, ukazipa maji ya chakula yenye rangi ya waridi, baadhi yake huendelea na maisha kana kwamba hazijaambiwa kuwa mwenyewe ameshazikwa.

Kitinda alikuwa binti wa mwisho, kitinda mimba, ndiyo maana wakamwita hivyo, na alipopata saratani alikuwa na miaka ishirini na saba. Siku ya kukatwa uvimbe, mkuu wa maabara alikuja kitandani kuomba kipande kidogo kwa ajili ya utafiti. Kitinda alitia saini bila kusoma. "Chukueni," alisema. "Nyumbani wananiita mvivu. Labda hizo zitafanya kazi." Wiki tano baadaye alifariki, mchana, mama yake akiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa ghorofa ya chini. Mama aliporudi na mfuko wa dawa mkononi alikuta shuka limeshavutwa hadi juu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Mama aliomba apelekwe akaone. Alikalishwa mbele ya hadubini, akainamisha kichwa, akafunga jicho moja kama alivyozoea wakati wa kutia uzi kwenye sindano. Zilikuwa seli nyembamba, ndefu kama punje za mchele, zimelala zote upande mmoja. Mama alizitazama muda mrefu. "Zimelala kama nyuzi za kitambaa kizuri," alisema, kisha akaanza kuzipa habari za nyumbani. Tangu hapo hakukosa Ijumaa. Aliieleza chupa nani kaolewa, nani kahama, mbuzi wa jirani kala nguo gani kwenye kamba. Watu wa maabara walishangaa wiki mbili za kwanza, halafu wakazoea, maana binadamu huzoea lolote.

Mama Chupa alikuwa msomi, na alijua vizuri kwamba seli hazisikii. Alijua pia jambo alilolificha: kilichomo chupani si sehemu nzuri ya mdogo wake. Ni uvimbe wenyewe, zile seli zilizokataa kuacha kugawanyika mpaka zikammaliza. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, kila asubuhi alipofungua kabati la joto akiwa peke yake, alisema, "Umeamkaje, Kitinda?" Na hofu yake maishani ilikuwa moja tu, siku atakayolazimika kumwambia mama yake kwamba Kitinda amekufa tena.

Basi, mwaka ule wa sita, Mama aliteleza bafuni akavunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne. Salamu zilipitia kwenye simu. "Nisalimie mwanangu," alisema kila Ijumaa, na Mama Chupa alikwenda kweli akazifikisha, mlango wa maabara umefungwa asionekane.

Ajabu ni kwamba katika miezi hiyo chupa ilinawiri. Seli za Kitinda zilikuwa za polepole tangu mwanzo; ilizichukua siku kumi kuujaza uso wa chupa, ndipo Mama Chupa azipunguze na kuzihamishia chupa mpya. Sasa zilijaza kwa siku mbili. Maji ya waridi, ambayo hugeuka manjano chakula kikiisha na taka zikizidi, yalikuwa yakigeuka manjano kabla ya kesho yake. Mama Chupa alikuwa na maelezo yake. Katika kila kizazi cha seli hutokea tofauti ndogo ndogo. Ile inayogawanyika haraka huacha watoto wengi, na baada ya vizazi vingi watoto wake ndio wanaojaza nyumba. Hivyo ndivyo viumbe vinavyobadilika, msituni na chupani. Alimpigia mama yake simu kwa furaha. "Mwanao ameacha uvivu!"

Mama alirudi Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tano akitembelea fimbo. Alikaa kwenye kigoda chake, akafunga jicho moja, akainama. Mama Chupa alisubiri asikie habari za mbuzi. Hakusikia kitu. Mama alisogeza kioo kushoto, akakisogeza kulia, kama mtu anayemtafuta mtoto wake katika kundi la watoto wanaotoka shule. Kisha aliinua kichwa.

"Kuna mtu mwingine humu," alisema.

"Mama, ni zile zile. Zimekua tu, zimebadilika."

"Nimeshona miaka arobaini. Kitambaa changu nakijua hata kikifuliwa. Hizi zimepandana, zimejaa kona zote, hazina upande. Huyu siye." Akachukua fimbo yake. "Tena ananitazama."

Akaondoka bila kuaga. Mama Chupa alibaki amesimama, akijiambia hayo ni maneno ya mtu mzima aliyetoka kuugua. Kisha aliinama yeye mwenyewe kwenye hadubini. Zilikuwa nene, zenye pembe pembe, zinang'aa ukingoni, na popote alipotazama kulikuwa na moja inayojikata katikati kuwa mbili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile aliona aibu, kama mtu aliyemkumbatia mpita njia akidhani ni ndugu yake.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye aliyekuwa na macho na hadubini juu yake aliambiwa, tena na fundi cherehani. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mkuu wa maabara. Huyu alikuwa mzee mkavu, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema "naamini." Ukimwambia leo mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Wote walimwita Daktari Tupime, naye alijua na hakukasirika.

"Kwa hiyo kuna maelezo mawili," alisema baada ya kusikiliza. "Moja, seli za mdogo wako zimebadilika. Mbili, si zake. Unataka lipi liwe kweli?"

"La kwanza."

"Basi hilo ndilo tulitilie shaka zaidi." Alisema bila ukali. "Sasa fikiri. Kuna kitu gani ambacho kitakuwa tofauti kama la kwanza ni kweli, na tofauti tena kama la pili ndilo?"

Mama Chupa alifikiri. "Ukoo," alisema hatimaye. "Seli zikibadilika zitabadili tabia, lakini bado zitabeba alama za mama yetu kwenye vinasaba. Kama ni mgeni, hatakuwa nazo."

"Tupime."

Wakakubaliana kulinganisha alama nne. Ya kwanza ya Mama mwenyewe, aliyepanguswa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, akilalamika kwamba hata mswaki haumpekui hivyo. Ya pili ilikuwa kwenye faili, alama za Kitinda zilizoandikwa mwaka ule wa kwanza, kabla kichupa chake kimoja hakijawekwa kwenye pipa la baridi kali kama akiba. Ya tatu ni ya chupa ya sasa. Ya nne, Daktari Tupime aliitaja kwa kusitasita, ilikuwa ya Magugu.

Magugu yalikuwa kwenye rafu ya chini ya kabati lile lile. Kila maabara ya namna ile ina seli zake zisizokufa, zilizotolewa kwa mgonjwa fulani zamani, zikagawanywa mji kwa mji kwa kuwa zinaota kirahisi na hazidekezwi. Hizi ziliota mno, ndiyo maana zikapewa jina hilo. Kanuni ya kwanza kabisa anayofundishwa mgeni kazini ni kwamba Magugu hayakai mezani pamoja na chupa nyingine, hayalishwi kwa pipeti, ule mrija wa kuvutia maji, moja na nyingine, wala hayachotewi chakula kwenye kopo moja nazo. Mama Chupa ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni kanuni hiyo.

Majibu yangechukua siku kumi. Siku hizo simtakii hata adui yangu. Seli hazijui kusubiri majibu, lazima zilishwe, na aliyekuwa akizilisha ni yeye. Alifungua mlango wa nje wa kabati, kisha ule wa ndani wa kioo, na pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo kabla hajaona kitu. Ukungu ulipoondoka, ile chupa ilikuwa pale, maji yake manjano, imemaliza kila kitu na inataka tena. Jina la Kitinda lilikuwa limeandikwa juu yake kwa mwandiko wake mwenyewe. "Kula," alisema, na hakujua anamwambia nani. Feni ya kabati ilivuta na kutoa, ikavuta na kutoa. Hakusema tena "umeamkaje." Alianza kuvaa glavu mbili mbili, na alipotoka chumbani alitembea kinyumenyume hadi mlangoni, mtu mzima yule, mwenye shahada ukutani.

Siku ya saba alichukua daftari la kulisha. Kila chupa ina mstari wake humo: tarehe, jina, kiasi cha chakula, saini ya mlishaji. Alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akitafuta wiki ambayo uvivu wa Kitinda uliisha. Aliipata. Akaisogelea tarehe, siku kwa siku, mpaka akafika Jumanne moja ambayo mstari wa Kitinda ulikuwa na kiasi cha chakula lakini hauna saini.

Alikumbuka yote mara moja. Jumanne hiyo alikuwa amemaliza kulisha Magugu, hajafuta meza kwa spiriti, simu ikalia mfukoni. Mama yake alikuwa sakafuni bafuni, analia, hawezi kuinuka. Mama Chupa aliona ametoa chupa ya Kitinda tayari, wazi, imekaa hapo, na seli zikikaa wazi hukauka. Akachukua pipeti iliyokuwa mkononi, akavuta chakula kutoka kwenye kopo lililokuwa mbele yake, akalisha, akafunga, akakimbia. Pipeti iliyokuwa mkononi. Kopo lililokuwa mbele yake. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanye nini mama yake akiwa ameanguka.

Tone moja linatosha. Ukitia aina mbili za samaki katika kidimbwi kimoja chenye chakula kimoja, si lazima wapigane. Anayezaa haraka atakula zaidi, atazaa zaidi, na siku moja utavua upate aina moja tu, hakuna damu, hakuna kelele. Seli za Kitinda hazikuuawa na mtu. Zilikosa nafasi ya kukaa na kitu cha kula, katika nyumba yao wenyewe, na dada yao ndiye aliyekuwa akiwapunguza kila baada ya siku mbili na kuwahamisha wale wengi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaisha. Mama Chupa alifunga daftari, akaenda chooni, akalia huku amefungua bomba ili wenzake wasisikie.

Majibu yalipokuja hayakuwa na jipya kwake. Alama za Mama na za Kitinda wa kwenye faili zilishikana kama inavyopasa mama na mwana. Alama za chupa ya sasa na za Magugu zilikuwa zile zile, mstari kwa mstari. Daktari Tupime aliiweka karatasi mezani, akavua miwani.

"Mashaka ya mama yako yalikuwa uchunguzi mzuri kuliko furaha yetu," alisema. Kisha akasema la pili. "Kichupa kimoja kipo kwenye pipa. Ni chake, hapo hakuna shaka. Lakini wajua mwaka juzi baridi ya pipa ilipungua siku nzima. Huenda ndani yake zimebaki chache, huenda hakuna. Tukikiacha kitakaa hivyo hivyo miaka hamsini, si mzima si mfu. Tukikiyeyusha tutajua, na tutakuwa tumekitumia. Utafiti wetu ulishaisha. Huo ni uamuzi wa nyumbani kwenu."

Njia nzima Mama Chupa alitunga uongo. Alikuwa na mzuri sana: mashine imethibitisha, Mama, ni yeye, amebadilika tu. Mama angeamini, au angejifanya kuamini, na Ijumaa zingeendelea. Alipofika alimkuta mama yake ameketi mbele ya cherehani isiyo na nguo, mguu mbovu juu ya mto, na uongo wote ukamkauka mdomoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Si yeye, sivyo?"

"Si yeye." Akamweleza yote, simu, pipeti, kopo, Magugu. Alipofika mwisho alisema, "Ni mimi niliyemuua mara ya pili, Mama. Kwa mkono wangu."

Mama alimtazama kwa hasira, ile hasira ya utotoni. "Siku ile nilikuwa nimelala kwenye maji, kichwa kimegonga ukuta. Nilipiga simu, ukaipokea, ukaja. Ungetaka umalize kulisha kwanza uje unikute nimekauka? Upuuzi huo usiurudie mbele yangu." Alivuta pumzi. "Huyo mgeni ni nani?"

"Hatumjui. Alitolewa hizo seli zamani, mimi sijazaliwa. Jina halikuandikwa."

"Naye alikufa?"

"Kitambo."

"Kwa hiyo miezi minne nakutuma unisalimie mwanangu, unakwenda kumsalimia wa mwenzangu."

"Ndiyo, Mama."

Mama alifuta vumbi lisilokuwepo juu ya cherehani. "Si vibaya," alisema. "Huenda hajasalimiwa siku nyingi."

Ndipo Mama Chupa akamweleza habari ya kichupa cha mwisho, kwamba akiachwa kwenye pipa angalau yupo, na akitolewa huenda asidumu hata siku moja. Alitaka kiachwe, na alisema hivyo wazi. Alisema hawezi kumwona akifa tena.

"Wewe ulimwona," alisema Mama. "Ulikuwa umemshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshika namba ya foleni, watu kumi na nne mbele yangu, nikibishana na mtu aliyenipita. Nilikuwa nikibishana, mwanangu, wakati roho ya mtoto inatoka. Asiyekuwepo na lake halipo. Miaka sita nimekwenda pale si kwamba sijui alishakufa. Najua, na najua hizo ndizo zilizomuua, mimi si mjinga, nilimsikia daktari. Nilikwenda kwa sababu nilichelewa." Akashika fimbo. "Mtoeni. Kama yupo nitamwona. Kama anakwenda, aende nimekaa."

Jumatatu asubuhi walikitoa. Kichupa kilitoka kwenye pipa kikifuka moshi wa baridi, kidogo kama kidole cha mwisho cha mkono. Mama Chupa alikishika ndani ya maji ya vuguvugu, akikitikisa polepole, akitazama kipande cha barafu kikipungua hadi kikawa kama punje. Meza alikuwa ameifuta kwa spiriti mara tatu. Pipeti mpya, kopo jipya, na simu yake ilikuwa kwenye droo ya Daktari Tupime, imezimwa. Ile chupa nyingine, ya mgeni, walikuwa wameimwagia klorini Ijumaa iliyopita. Mama alikuwa ameomba iondolewe kwanza jina la Kitinda, kisha akaiambia, "Haya mwanangu, pumzika na wewe," na Daktari Tupime akatazama dirishani.

Mchana ule seli chache zilianza kushuka na kushika sakafu ya chupa. Kati ya maelfu, Mama Chupa alihesabu arobaini. Zilijinyoosha polepole, kwa uvivu, nyembamba kama punje za mchele. Alimpisha mama yake kwenye kigoda. Mama alifunga jicho moja, akainama.

"Ndiye," alisema.

Hakutoka tena. Chakula hakiruhusiwi ndani ya maabara, kwa hiyo hakula. Alikwenda msalani mbio na fimbo yake, mtu asiyejua angedhani mguu umepona. Jioni walipotaka kumrudisha nyumbani alisema wamtoe kwa polisi. Daktari Tupime, ambaye hakuwahi kuvunja kanuni hata ya kuegesha gari, aliburuta benchi hadi ukumbini, akaliweka mahali ambapo mtu akilala anaona kabati la joto kupitia kioo.

Jumanne zilikuwa kumi na moja. Seli inayokufa hujikunja, huwa duara, huachia sakafu na kuelea. Mama aliziona zikiachia moja moja, na kila moja alikuwa na la kuiambia. Hakuwa akitoa habari za mbuzi tena. Alimwomba radhi kwa kumpiga siku ile ya sare ya shule. Alimwambia gauni la bluu aliloanza kumshonea alilimaliza, lipo, hakumpa mtu. Alimwambia foleni ilikuwa ndefu. Mama Chupa alikuwa mezani nyuma yake akijifanya anaosha vyombo safi, na kila neno lilimpasua.

Jumatano, baada ya adhuhuri, zilibaki tatu, kisha moja. Mama Chupa alikurupuka, akafungua friji, akatoa chakula chenye nguvu zaidi, akaanza kufungua kizibo. "Nikibadilisha maji, Mama, nikiongeza joto kidogo, nyingine huwa zinarudi, niliwahi kuona..."

Mama alimshika mkono. Mkono wa fundi cherehani una nguvu. "Umemlisha miaka sita," alisema. "Hakuna dada aliyefanya hivyo. Sasa acha, mama."

Seli ile moja ilikuwa imeanza kujikunja ncha. Daktari Tupime alikohoa, akaeleza kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwamba kwa macho tu huwezi kujua dakika yenyewe. Kuna rangi ya bluu. Seli iliyo hai huikataa, utando wake huizuia mlangoni. Iliyokufa haina tena wa kufunga mlango, rangi huingia.

"Itamdhuru?"

"Kwa dakika chache, hapana."

"Wekeni," alisema Mama. "Safari hii nataka kujua."

Mama Chupa aliweka matone mawili. Zile zilizokuwa zikielea ziligeuka bluu papo hapo, zote. Ile moja ilibaki nyeupe, inang'aa katikati ya rangi kama dirisha lenye taa.

"Amekataa," alisema Mama, jicho kwenye hadubini. "Bado yupo." Wakangoja. Feni ya kabati ilivuta na kutoa. "Bado. Bado yupo, mkaidi huyu. Nipo hapa, mwanangu. Sina haraka, sina foleni. Bado." Mama Chupa aliweka kiganja mgongoni kwa mama yake akahisi pumzi zake, moja baada ya moja. Daktari Tupime alikuwa amesimama wima, mikono ameiweka nyuma.

"Inaingia," alisema Mama. "Inaingia upande mmoja. Taratibu. Nenda, mama. Nenda." Alikaa vile vile ameinama, hata baada ya kunyamaza, mpaka wote wawili wakajua. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi na saba."

"Andika."

Mama Chupa alivuta daftari la kulisha, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Aliandika tarehe. Aliandika jina la mdogo wake, lile kamili la kwenye cheti. Mahali pa kiasi cha chakula alipiga mstari, akaandika saa na dakika. Akatia saini. Peni ilikuwa bado mkononi na palikuwa na nafasi pembeni ya ukurasa, akaandika hapo, herufi kubwa, asije mtu akashindwa kusoma: Mama alikuwepo.